Nyuzi za raketi ya tenisi zinazokaa mahali pake: namna ya kuchagua na kufungisha ukiwa Dar es Salaam

Raketi iliyoanza kuhamisha nyuzi haijifichi. Mwenye nayo anapiga mipira mitatu, anasimama, anazinyoosha kwa vidole, anapiga mingine mitatu, anasimama tena. Nyuzi za katikati zinakimbilia upande mmoja, zinasongamana huko na kuacha uwazi nyuma yake. Mpira ukitua penye uwazi unatoka kivyake, ukitua penye msongamano unatoka kivyake, na mkono uliopiga ni ule ule.

Ukiingia duka la vifaa vya michezo Kariakoo ukaomba nyuzi zisizohama, usishangae ukipewa nyuzi nene na kuambiwa ukazifungishe kwa nguvu. Wapo wachezaji ambao ushauri huo unawatosha. Wengine unawaharibia mchezo na kuwaumiza kiwiko. Kwa hiyo kabla hujatoa hela amua kwanza unataka lipi kati ya mawili: nyuzi zilizobanana zisisogee kabisa, au nyuzi zinazosogea na kurudi zenyewe. Mchezo ukiisha, kwa macho zote zimenyooka. Kwenye mpira hazifanani hata kidogo, na kwa mtu anayepiga topspini, yaani mpigo unaopanda na kuuzungusha mpira kuelekea mbele, tunasema bila kusita: tafuta zinazorudi.

Uzi unahamaje

Shika raketi yako kichwa kikiwa juu. Nyuzi zinazotoka juu kushuka kwenye koo la fremu, pale inapokutana na mpini, ni za wima, zinazokatiza ni za mlalo. Idadi yake huandikwa kwenye fremu, kwa mfano 16x19, yaani 16 za wima na 19 za mlalo. Unapopiga topspini raketi inakuwa imelala kwa ubavu huku ikipanda. Mpira unaking'ang'ania kitanda cha nyuzi, na zile za wima, ambazo sasa zimelala, zinasukumwa kwenda chini. Za mlalo hazisumbuki sana kwa kuwa zimeelekea kule kule mpira unakovuta. Ndiyo maana unaponyoosha nyuzi, karibu kila mara ni zile nne hadi sita za wima za katikati. Slaisi, mpigo unaouzungusha mpira kinyumenyume, nayo inazisukuma vivyo hivyo, kwa upande wa pili.

Mpira unakaa kwenye nyuzi kwa milisekunde 5 hivi. Katika muda huo mfupi uzi uliosukumwa unavutwa na nguvu mbili. Mkazo wake unautaka urudi ulikotoka. Msuguano, pale unapokutana na nyuzi za mlalo, unautaka ubaki. Mkazo ukishinda, uzi unaruka kurudi mpira ukiwa bado juu yake, na kule kuruka kunaongeza mzunguko wa mpira. Msuguano ukishinda, uzi unabaki pembeni mpaka uurudishe kwa kidole. Aliyewahi kusogeza kamba za kitanda kwa mkono atalielewa hili haraka: kamba ya makumbi yenye manyoya inaganda pale ulipoiacha, ya plastiki inateleza na kurudi.

Nguvu ya uzi unaoteleza ni kubwa kiasi kwamba iliwahi kubadilisha sheria. Mwaka 1977 ilitokea raketi iliyofungwa nyuzi bila kusukwa, za wima zikiwa tabaka mbili, moja kila upande, huku zikiteleza juu ya za mlalo pasipo kizuizi. Mromania Ilie Năstase aliitumia kule Aix-en-Provence, Ufaransa, akamfunga Mwajentina Guillermo Vilas ambaye wakati huo alikuwa hafungiki kwenye udongo. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi liliipiga marufuku, na tangu hapo kanuni inataka nyuzi zipishane juu na chini au ziunganishwe pale zinapokutana. Nyuzi za leo zinazorudi zenyewe zinafanya kazi ile ile kwa kiasi kidogo, ndani ya kanuni.

Sasa tazama kwa karibu. Chukua raketi iliyochezewa miezi miwili, sogeza uzi mmoja wa wima wa katikati kwa kidole gumba, na uangalie kwenye mwanga pale ulipokuwa umekutana na wa mlalo. Utaona chale. Kila uzi wa mlalo umeuchanja ule wa wima kidogo kidogo, mpigo baada ya mpigo, mpaka ukatokea mfereji mdogo ambamo ukucha wako unakwama. Chale ndiyo hadithi nzima ya nyuzi zinazohama. Ikiwa fupi na safi, uzi wa mlalo umekuwa ukitua pale pale, maana yake ule wa wima ulikuwa unarudi nyumbani. Ikiwa pana, iliyosagika na yenye vumbi, uzi ulikuwa unakwenda na kubaki. Kina chake kikizidi nusu ya unene wa uzi, jiandae, unakaribia kukatika.

Nyuzi zimetengenezwa kwa nini

Hili lina uzito kuliko mengine yote, kuliko chapa na kuliko bei.

Poliesta, wachezaji wengi wanaiita poli, ni uzi mmoja mgumu, laini juu, unaoteleza vizuri sana juu ya poliesta mwenzake. Kitanda kizima cha poliesta kinasogea na kurudi, na ndicho kilichobadilisha tenisi tangu Mbrazili Gustavo Kuerten alipochukua ubingwa wa Ufaransa mwaka 1997 akiwa na nyuzi za poliesta za kampuni ya Luxilon. Gharama yake ni mbili. Kwanza ni mgumu kwa mkono. Mwenye maumivu ya kiwiko au bega asiutumie kitanda kizima, na mtoto vivyo hivyo. Pili unakufa kabla haujakatika. Baada ya saa 10 hadi 20 za mchezo unapoteza mnyumbuko, na dalili ya kwanza ni hii: nyuzi zilizokuwa zinarudi zenyewe zinaanza kubaki pembeni. Mchezaji wa poliesta anayejikuta ameanza kunyoosha nyuzi hahitaji kubadili aina. Anahitaji kufungisha mpya, hata kama hakuna uzi uliokatika.

Poliesta zipo za mviringo na zipo zenye pembe: Babolat RPM Blast, kwa mfano, ina pembe nane. Pembe zinaushika mpira zaidi. Lakini uzi wenye pembe ukiuweka mlalo unauchanja ule wa wima haraka, na chale zikishaingia kuteleza kunakwisha. Ukipenda pembe, ziweke wima, na mlalo uweke poliesta ya mviringo iliyo laini. Ukipenda kitu kimoja pote, chagua cha mviringo kama Luxilon ALU Power au Yonex Poly Tour Pro katika unene wa 1.25.

Nailoni ya kawaida, ile inayouzwa kama sintetiki, ndiyo rahisi na ndiyo inayopatikana kila mahali. Ina kiini kimoja kilichozungushiwa nyuzinyuzi nyembamba. Nailoni juu ya nailoni ina msuguano mkubwa, kwa hiyo inapita hatua tatu. Mwanzoni, ikiwa imekazwa, haisogei. Mkazo ukishuka inaanza kusogea na hairudi. Hapa ndipo malalamiko yanapoanzia. Mwishoni chale zinakuwa na kina kiasi kwamba nyuzi zinajifunga zenyewe, mtu anafurahi kwamba zimetulia, na siku mbili baadaye zinakatika. Kwa anayepiga mipira iliyonyooka, bila topspini nyingi, nailoni nzuri kama Prince Synthetic Gut Duraflex ya 1.30 inatosha kabisa, na hakuna sababu ya kumfukuzisha poliesta.

Malti, yaani uzi wa mamia ya nyuzinyuzi zilizogandishwa pamoja, ni rafiki wa mkono. Wilson NXT ni mojawapo. Kwa suala la kuhama, hii ndiyo inayoleta taabu kuliko zote. Ganda lake la nje likishachubuka nyuzinyuzi zinatoka manyoya, na manyoya yanashika kama makumbi. Anayeitumia kwa sababu ya kiwiko akubali kunyoosha nyuzi, au aweke vishikizo ambavyo tutavieleza baadaye.

Utumbo wa ng'ombe ni uzi wa kale (Babolat walianza kutengeneza nyuzi za utumbo Lyon mwaka 1875) na mpaka leo hakuna unaoushinda kwa kushika mkazo na kunyumbuka. Ukiwa wima na poliesta laini ikiwa mlalo, msuguano unakuwa mdogo sana na nyuzi zinarudi kwa uhakika. Roger Federer alicheza na mchanganyiko huo kwa miaka mingi. Ni ghali na hauvumilii maji, mambo ambayo Dar yana uzito wake.

Kevlar, nyuzinyuzi ngumu sana za kiwandani, haisogei sana na haikatiki kwa urahisi, lakini inaumiza kiwiko. Hatuipendekezi kwa mtu anayecheza kwa afya yake.

Kuhusu michanganyiko, kuna mmoja unaoitwa suluhisho la kila kitu: poliesta wima, nailoni mlalo. Ni mzuri kwa mfuko na mkono unapumua kidogo. Lakini kwa nyuzi kukaa mahali pake ndio unaokatisha tamaa mapema. Poliesta ngumu inaichanja nailoni, nailoni inafanya mashimo, na ile ya wima inakwama ndani ya shimo lolote ilikoangukia. Ukiufunga, tarajia wiki ya kwanza kuwa tamu, halafu vidole vianze kazi. Ukibana matumizi na unapiga topspini kwa nguvu, weka poliesta pote kwa mkazo wa chini kuliko kuufuata mchanganyiko huu.

Unene, upana wa matundu, na mkazo

Kwenye pakiti tafuta milimita, usitegemee namba za geji (namba ambazo kampuni hutumia kutaja unene), kwa sababu 16 ya kampuni moja inaweza kuwa 1.28 na ya nyingine 1.32. Uzi mnene, 1.30 hadi 1.35, unasogea kidogo na kudumu zaidi. Mwembamba, 1.20 hadi 1.25, unauma mpira zaidi lakini unahama na kukatika mapema. Kwa nailoni, anayesumbuka na kuhama apande kutoka 1.25 kwenda 1.30 au 1.35. Kwa poliesta 1.25 ni mahali pazuri pa kuanzia, kwenda 1.30 ni kwa ajili ya anayekata kila wiki mbili. Pakiti moja huwa na mita 12 hivi, inatosha raketi moja na kubaki kipande. Kama mpo watatu au wanne mnaotumia uzi mmoja, rola la mita 200 linatoa raketi 16 na bei ya kila moja inashuka.

Raketi yenyewe ina sehemu yake. Iliyosukwa 16x19 ina matundu mapana na nyuzi zinatembea. 18x20 imebanana, za wima zina majirani wa karibu na makutano mengi ya kuzishika. Mtu anayelalamika kwamba kila uzi unahama, na ana raketi ya 16x19 yenye kichwa kikubwa cha inchi za mraba 105 au 110, asiwalaumu wauza nyuzi peke yao. Kwa mkazo ule ule, kichwa kikubwa kina nyuzi ndefu, na nyuzi ndefu zinalegea zaidi.

Mkazo hupimwa kwa paundi kwenye mashine nyingi. Viwango vya kuanzia ni hivi: nailoni na malti, paundi 54 hadi 58, sawa na kilo 24.5 hadi 26.3, poliesta, paundi 48 hadi 52, sawa na kilo 21.8 hadi 23.6. Nailoni ikihama, ongeza paundi 2 kwa safari moja na ucheze wiki mbili kabla ya kuongeza tena. Usiruke kutoka 54 hadi 62 kwa hasira. Poliesta usiikaze ili isihame; ukiivuta kupita 55 inapoteza mnyumbuko mapema, na mnyumbuko ndio unaoirudisha. Wengi hufunga poliesta za mlalo paundi 2 chini ya za wima, tuseme 50 kwa 48, ili za wima zisibanwe mno kwenye makutano. Hata sisi tunaona ni utaratibu mzuri.

Hewa ya Dar

Unyevu wa pwani hauondoki mwaka mzima, na nailoni inakunywa unyevu. Ikishaunywa inalegea, na ikilegea inahama. Poliesta hainywi karibu chochote, hiyo ni sababu moja zaidi ya kuipenda hapa. Utumbo ukilowa unavimba na kufumuka, kwa hiyo wakati wa masika, Machi hadi Mei, usiutoe nje kukiwa na wingu zito, na mipira iliyolowa usiipige nao. Uuweke kwenye begi lililofungwa zipu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Joto nalo lina lake. Januari na Februari nyuzi zinapoteza mkazo haraka na mpira unaruka zaidi, hivyo paundi 1 au 2 za nyongeza zina maana. Adui mkubwa kuliko jua la uwanjani ni buti ya gari iliyoegeshwa juani Posta kuanzia asubuhi hadi jioni. Raketi iliyolala humo siku tano inapoteza mkazo mwingi bila kupigwa mpira. Ingia nayo ofisini.

Vumbi lina shida kuliko watu wanavyodhani. Ukicheza kwenye udongo, chembe zinaingia penye makutano na kufanya kazi ya msasa: kila uzi unaposogea unajisaga. Ukimaliza kucheza, pangusa kitanda cha nyuzi kwa kitambaa kikavu pande zote mbili, kisha sogeza zile za katikati kidogo na kupuliza. Usipake mafuta ya nazi wala mafuta ya cherehani ili ziteleze. Zitateleza siku hiyo, na kesho yake vumbi lote la uwanja litaganda humo.

Kwa fundi

Nyuzi nzuri zikifungwa vibaya zinahama tangu siku ya kwanza. Kuna mambo ambayo unaweza kuyaona kwa macho ukiwa umekaa pembeni, na fundi mzuri hatakasirika ukitazama.

Uliza kwanza mashine yake ni ya namna gani. Ya kusokota kwa mkono inavuta mpaka namba uliyoitaja, kisha inajifunga na kuacha kuvuta, huku uzi ukiendelea kulegea kidogo. Ya umeme na ya uzito wa kuning'inia zinaendelea kuvuta muda wote. Paundi 55 za mashine ya kwanza zinaweza kutoka laini kwa paundi kadhaa kuliko 55 za mashine ya pili. Kwa hiyo usihamishe namba yako kutoka kwa fundi mmoja kwenda kwa mwingine kama ilivyo. Mpe fundi mpya namba yako, cheza, kisha mrekebishe. Na kama mashine ni ya umeme na eneo lina mgao, subiri siku yenye uhakika. Raketi iliyofungwa wima tu ikaachwa hadi kesho fremu yake inavutwa upande mmoja kwa saa nyingi.

Nyuzi kuukuu zikatwe kuanzia katikati kwenda nje, wima na mlalo kwa kupokezana. Kukata kuanzia juu kwenda chini kunaiachia fremu mzigo usio sawa. Kabla ya kuanza, zile plastiki za matundu ya fremu zikaguliwe: iliyopasuka inauchana uzi na pia inauacha ucheze mle tunduni, na uzi unaocheza kwenye mzizi hauwezi kutulia katikati.

Anapofunga za wima, tazama vibanio, yaani vile vya mashine vinavyoushika uzi uliovutwa. Kibanio kikilegea, uzi unarudi nyuma milimita mbili tatu kila mara, na mkazo unapotea bila mtu kujua. Ukiona alama za kukwaruza au ungaunga mweupe penye meno ya kibanio, kinateleza. Mara nyingi dawa ni kuyafuta meno kwa spiriti, kisha kukaza skrubu robo mzunguko.

Za mlalo ndizo zinazotenganisha fundi na fundi. Kila uzi unapita juu, chini, juu, chini, na wa pili yake kinyume chake. Kosa moja la kupita juu mara mbili linatengeneza sehemu isiyoshikwa, na hapo nyuzi zitahama kila siku. Ukipokea raketi, iinamishe uitazame kutoka ubavuni, mstari baada ya mstari. Kosa linajitokeza lenyewe kama jino lililoruka. Angalia pia kama ananyoosha kila uzi wa mlalo kabla ya kuuvuta na tena kabla ya kuubana. Uzi wa mlalo uliovutwa ukiwa umepinda kama upinde unanyooka baadaye, na ule urefu wa ziada unageuka kulegea.

Kama za wima ni utumbo au malti, kuna jambo moja la kumwomba waziwazi. Anapoupitisha uzi wa mlalo na kuuvuta mita kadhaa, asiuvute ukiwa umesimama mahali pamoja, bali auchezeshe juu na chini huku unapita. Uzi mgumu ukipita kwa kasi sehemu moja unaunguza ule laini, chale ya kwanza inaingia kabla hujapiga mpira hata mmoja. Ukipitisha kidole kwenye raketi mpya ukasikia mkwaruzo kwenye kila makutano, hicho ndicho kilichotokea.

Fundo likazwe kwa mkono na koleo taratibu. Nyuzi za pembeni kabisa hulegea wakati wa kufunga fundo, na mafundi wengi huongeza paundi 2 kwenye uzi wa mwisho kufidia. Hilo halina ubaya.

Vishikizo na vizuia mtetemo

Vishikizo ni vipande vidogo vya plastiki vinavyopachikwa penye makutano, 10 hadi 20 eneo la katikati. Vinazuia chale na kuzishika nyuzi. Kwa nailoni, malti na utumbo vinasaidia kweli, japo kitanda kinakuwa kigumu kidogo. Vipachike nyuzi zikiwa mpya na zimenyooka. Ukivipachika juu ya chale vinafungia kosa. Kwenye poliesta usiviweke, vinaua kule kuteleza ulikokulipia.

Kile kimpira kinachowekwa chini karibu na koo kinapunguza mlio tu. Nyuzi za katikati hazijui kama kipo. Kanuni inataka kikae nje ya eneo la nyuzi zinazopishana, kwa hiyo usikisogeze juu ukidhani kitazishika.

Kipimo cha kidole gumba

Weka kidole gumba kwenye uzi wa wima wa katikati, usukume pembeni nusu sentimita, uachie. Poliesta nzima inarudi kwa mlio mkavu, tik. Ikirudi nusu njia, bado una mechi chache. Ikibaki, imekwisha. Nailoni mpya haikubali kusukumika kwa urahisi. Ikisukumika kwa wepesi na kubaki, mkazo umeshuka, na kuinyoosha kwa vidole hakutaurudisha. Fanya kipimo hiki siku unayoitoa raketi kwa fundi ili uzoee mlio wa mwanzo, maana bila kuusikia ule wa mwanzo hutaujua ulipopotea. Zipo pia programu za simu zinazosikiliza mlio wa nyuzi na kukadiria mkazo. Zinafaa kulinganisha raketi hiyo hiyo wiki kwa wiki, si raketi yako na ya mwenzako.

Unapolazimika kunyoosha kati ya pointi, tumia ncha za vidole pande zote mbili za uzi, ukianza na wa katikati kabisa kwenda nje. Usiuburute uzi kwa kucha juu ya chale.

Uzi mmoja ukikatika, kata zote kabla hujafika nyumbani, ukianzia katikati kama ilivyoelezwa, kwa sababu fremu iliyoshikwa upande mmoja na kuachiwa upande wa pili inapinda. Na kila raketi inapotoka kwa fundi, bandika kipande cha plasta ndani ya koo la fremu na uandike kwa kalamu isiyofutika: aina ya uzi wa wima na wa mlalo, unene, paundi, tarehe. Kila ukitoka uwanjani ongeza mstari mmoja mdogo kwa kila saa uliyocheza. Siku poliesta itakapoacha kurudi, hesabu mistari. Hiyo ndiyo namba yako, na fundi ajaye utampelekea raketi mistari miwili kabla ya kuifikia.